Kupima kina na ubora wa maji ya ardhini karibu na mgodi wa makaa ya mawe: mwongozo wa hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale kila msimu: tutoboe visima vingapi, tupime nini, mara ngapi, na imekuwaje maabara ikaandika chuma ni kidogo wakati ndoo za kijijini zimejaa kutu? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Ni wa fundi maji, ofisa mazingira wa mgodi au wa halmashauri, na kamati ya maji ya kijiji kinachopakana na mgodi kama Ngaka wilayani Mbinga au Kiwira kule nyanda za juu kusini. Mifano ni ya huko, lakini kazi haibadiliki sana ukienda kwingine.

Nadharia ni fupi. Tabaka za makaa na miamba inayozizunguka mara nyingi huwa na pairaiti, madini ya chuma na salfa. Ikiwa chini ya maji haina madhara. Mgodi ukichimbwa na maji yakavutwa kwa pampu, hewa huingia, pairaiti huoza na kutoa asidi, chuma na salfeti. Kama mwamba una chokaa, asidi inamezwa pale pale na pH, yaani kipimo cha uasidi, inabaki 7, katikati, huku salfeti ikipanda mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana anayetegemea pH peke yake huchelewa kugundua. Anza kutazama kina, upitishaji umeme (unaopanda chumvi zikizidi majini) na salfeti. pH huwa ya mwisho kuanguka, na ikianguka chokaa imeshakwisha.

Kabla ya kuanza

Vibali kwanza. Kutoboa kisima, hata cha uchunguzi tu, kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Kwa Ngaka na Kiwira bonde ni la Ziwa Nyasa, na ofisi yake iko Tukuyu. Ukitaka kufungua visima vya kijiji, ongea na RUWASA, wakala wa maji vijijini, na chombo cha watumia maji. Usimfungulie mtu pampu bila fundi wao kuwepo; ikigoma kesho utalaumiwa wewe.

Vifaa vya msingi:

- Kipima kina cha umeme chenye utepe wa mita 100, wenye alama za milimita. Kikikosekana, mkanda wa chuma uliopakwa chaki hufanya kazi vizuri: sehemu iliyolowa inaonekana.
- Mita ya mkononi ya pH, upitishaji umeme na joto. Ikiwa na oksijeni iliyoyeyuka, bora zaidi.
- Vimiminika vya kurekebishia mita: pH 4, 7 na 10, na cha upitishaji umeme cha 1,413 µS/cm. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi.
- Pampu ndogo ya kuzamisha au vichoteo vya plastiki, kamba safi, ndoo ya lita 20 yenye alama.
- Chujio za mikromita 0.45 na sirinji kubwa.
- Chupa za plastiki kutoka maabara, asidi ya naitriki iliyopimwa na maabara, glavu, miwani ya kukinga macho.
- Kisanduku baridi chenye barafu, kalamu ya wino usiofutika, rejista ya karatasi. Simu ni nzuri kwa picha, lakini ina tabia ya kuzima saa nane mchana.
- Kipima mvua. Ni cha bei ndogo, na bila hicho hutaweza kutetea namba yoyote ya kina.

Hatua za kazi

1. Chagua mahali pa visima.

Cha chini kabisa ni visima vinne: kimoja upande maji yanakotoka, mahali ambapo mgodi hauwezi kufika, na vitatu upande yanakoelekea, yaani kati ya shimo na kijiji, chini ya lundo la kifusi, na chini ya bwawa la kutuamishia tope. Kile cha juu ndicho shahidi wako. Bila hicho, ukame na pampu ya mgodi vitaonekana kitu kimoja.

Mwelekeo wa maji usiukisie kwa mteremko wa ardhi. Tafuta visima vitatu vilivyopo, mpe mpima ardhi kazi ya kupata mwinuko wa midomo yake, kisha toa kina cha maji. Tuseme:

Kisima A: mdomo mita 112.40, kina 9.85, maji yako 102.55.
Kisima B: mdomo mita 108.15, kina 7.30, maji yako 100.85.
Kisima C: mdomo mita 104.90, kina 3.10, maji yako 101.80.

Kwa macho, C iko bondeni na ungedhani maji yote yanaelekea huko. Namba zinasema mengine: maji ya A na ya C yanavutwa kuelekea B. Ukikuta hali hii na B iko karibu na shimo la mgodi, umeshaiona pampu ikifanya kazi.

2. Amua tabaka moja kwa kila kisima.

Kusini mwa Tanzania makaa yamo katika miamba ya Karoo, ambako miamba ya mchanga, ya tope na makaa vimepangana kama kurasa. Maji ya udongo uliooza juu na maji ya mwamba wa mchanga kule chini huwa tofauti kwa kina na kwa kemia. Bomba lenye matundu lisikate tabaka zote mbili. Ukitaka kujua zote, toboa visima viwili jirani: kifupi na kirefu. Kisima chenye matundu kutoka juu hadi chini kinakupa mchanganyiko usio na maana, na kibaya zaidi kinakuwa mfereji wa kupitishia maji machafu kwenda chini.

3. Jenga kisima vizuri, kwa sababu hakirekebishiki.

Tumia bomba la PVC la milimita 50 hadi 100, la kufunga kwa nyuzi, lisilo na gundi. Bomba la mabati hapana: linatoa zinki na kuharibu vipimo. Matundu yawe mita 3 hadi 6, yazungukwe na changarawe safi iliyochekechwa. Juu ya changarawe weka udongo wa bentonaiti, unaovimba ukilowa na kuziba, usiopungua sentimita 60, kisha saruji hadi juu. Malizia kwa jamvi la zege lenye mteremko wa kumwaga mvua nje, na kifuniko cha kufuli.

Kisha kisafishe kisima kwa kuvuta na kusukuma maji hadi yatoke meupe, na kiache wiki moja au mbili kabla ya sampuli ya kwanza. Wengi huruka hapa kwa haraka ya ripoti, halafu miezi mitatu wanapata alumini na chuma vingi ambavyo ni tope la kuchimbia tu.

Tahadhari: tabaka za makaa hutoa methani. Usivute sigara wala kuwasha kiberiti mdomoni mwa kisima, na ukifungua kifuniko kaa upande upepo unakotoka. Kisima cha kuchimbwa kwa jembe usikiingie kwa sababu yoyote. Oksijeni inaweza kuwa imekwisha chini na hutapata muda wa kupiga kelele.

4. Weka alama moja ya kupimia.

Kata alama ndogo au chora mstari wa rangi kwenye ukingo wa bomba, upande wa kaskazini. Kila kipimo cha kina, awe nani amepima, kianzie hapo. Pima urefu wa bomba juu ya ardhi na uandike. Bomba likivunjwa na ng'ombe au likikatwa, mpe mpima ardhi kazi ya kupata mwinuko mpya na uandike tarehe. Nusu ya "maji yameshuka ghafla" huishia kwenye alama iliyohamishwa.

5. Pima kina.

Fanya hivi kabla ya kuvuta maji. Shusha utepe polepole, ukisikia mlio pandisha kidogo na ushushe tena. Soma hadi sentimita. Rudia mara mbili. Vipimo vikitofautiana zaidi ya sentimita 1, ngoja dakika tano upime cha tatu. Visima vyote vipimwe siku moja, maana ramani ya maji ya siku mbili tofauti ni ramani ya uongo. Visima vya pampu ya mkono vipime alfajiri kabla watu hawajaanza kuteka, na andika saa ya mwisho ya kuteka jioni ya jana kama mlinzi wa pampu anaikumbuka.

Kina kipimwe kila mwezi. Kusini mvua ni msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili au Mei, hivyo maji huwa juu kabisa baada ya masika na chini kabisa Oktoba na Novemba. Vipindi hivyo viwili usivikose.

Ukiwa na bajeti, weka kirekodi cha shinikizo ndani ya kisima kinachosoma kila saa. Kumbuka kuwa vingi vinapima maji pamoja na hewa iliyo juu yake. Weka kirekodi kingine nje ya maji kwenye eneo lilelile, kisha toa: hektopaskali moja ni karibu sentimita 1.02 za maji. Hata ukiwa nacho, pima kwa mkono kila unapokwenda, kwani virekodi huteleza na kamba hulegea.

6. Mwaga maji yaliyolala.

Maji yaliyo ndani ya bomba yamekaa na hewa, hayawakilishi mwamba. Hesabu ujazo wake hivi: kipenyo cha ndani kwa sentimita, zidisha chenyewe kwa chenyewe, zidisha na 0.0785, unapata lita kwa kila mita. Bomba la milimita 50 lina karibu lita 2 kwa mita, la 100 lita 7.85.

Mfano: kisima cha mita 40, maji yako mita 14, bomba la milimita 100. Mita 26 za maji ni lita 204. Kanuni ni kumwaga mara tatu, yaani lita 612. Pampu ikijaza ndoo ya lita 20 kwa dakika moja, ni nusu saa.

Lakini hesabu ni mwanzo tu. Kinachokuruhusu kuchukua sampuli ni mita yako: soma kila baada ya dakika tano hadi vipimo vitatu mfululizo vikubaliane, pH ndani ya 0.1 na upitishaji umeme ndani ya asilimia 3. Kisima dhaifu kinachokauka usikilazimishe. Kikaushe mara moja, ngoja kirudi, chukua sampuli ndani ya saa 24. Njia nyingine ni kuvuta taratibu sana, mililita 100 hadi 500 kwa dakika, huku maji kisimani yasishuke zaidi ya sentimita 10.

Maji unayomwaga yapeleke mbali na mdomo wa kisima, na si kwenye shamba la mtu kama yana rangi ya kutu.

7. Chukua sampuli.

Rekebisha mita asubuhi hiyo hiyo, si juzi. pH, joto na upitishaji umeme visomwe pale pale kisimani kwenye maji yanayotiririka. Hewa ya ukaa ikitoroka ndani ya chupa, pH hupanda na maabara itakusomea maji mengine. Ualkali, yaani uwezo wa maji kumeza asidi, nao ni bora upimwe shambani kwa vifaa vya matone.

Anza na kisima safi, maliza na kinachoshukiwa. Kwa kila kisima unahitaji:

Chupa ya kwanza, lita moja, isiyochujwa wala kutiwa asidi: salfeti, kloraidi, ualkali, floraidi, naitreti. Ijaze hadi juu isibaki hewa. Naitreti ina saa 48 tu.

Chupa ya pili, maji yaliyochujwa kwa 0.45 kisha yakatiwa asidi ya naitriki hadi pH iwe chini ya 2: chuma, manganizi, alumini, aseniki, risasi, nikeli, zinki, pamoja na kalisiamu, magnesiamu, sodiamu na potasiamu. Chuja kwanza, asidi baadaye. Ukigeuza utaratibu, asidi inayeyusha tope na metali zinaonekana nyingi kuliko zilizomo. Zebaki ina chupa yake, waulize maabara.

Kama kisima ni cha kunywa, ongeza chupa ya tatu isiyochujwa lakini yenye asidi, kwa sababu watu hawachuji kwa 0.45 kabla ya kunywa. Na chupa tasa ya bakteria, ambayo inatakiwa maabara siku hiyo hiyo.

Andika kwenye chupa, si kwenye kifuniko: namba ya kisima, tarehe, saa, imechujwa au la, ina asidi au la. Weka kwenye barafu, karibu nyuzi 4. Katika kila sampuli kumi weka moja ya kurudia na moja ya maji yaliyokenekwa uliyoyapitisha kwenye vifaa vyako. Hii ya mwisho ikileta zinki, tatizo ni wewe.

Asidi inachoma. Glavu na miwani kabla ya kufungua, na maji ya kunawia yawe karibu.

Mara ngapi? Kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili ya kwanza, na ikiwezekana mwaka mzima kabla mgodi haujaanza. Takwimu za kabla ya kuchimba ndizo pekee ambazo haziwezi kununuliwa baadaye kwa bei yoyote. Maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji ziko mikoani, Mbeya na Songea zikiwamo. Piga simu kabla, uulize kama mashine ya metali inafanya kazi wiki hiyo.

8. Kagua majibu kabla ya kuyaamini.

Badili kila ioni (chembe yenye chaji ya umeme) kuwa milikwivalenti, kipimo cha chaji hiyo: gawa miligramu kwa lita na 20 kwa kalisiamu, 12.2 magnesiamu, 23 sodiamu, 39.1 potasiamu, 61 kwa bikaboneti, 48 salfeti, 35.5 kloraidi, 62 naitreti. Jumla ya chanya (nne za kwanza) toa jumla ya hasi (nne za mwisho), gawa kwa jumla ya zote, zidisha 100. Ikiwa ndani ya 5, vizuri. Ikizidi 10, rudisha maabara. Maji yenye asidi kali lazima uhesabu pia chuma, alumini na haidrojeni yenyewe, la sivyo hesabu haitakaa.

9. Soma mwenendo.

Linganisha kila kisima na historia yake na kile kisima cha juu. Tuseme kutoka Mei hadi Novemba cha juu kimeshuka mita 1.2 na cha kijijini mita 3.9. Kiangazi kimekula 1.2, mita 2.7 zinatafuta maelezo kwingine, na kumbukumbu za lita zinazovutwa mgodini ndizo za kuombwa kwanza.

Kwa kemia, gawa salfeti kwa kloraidi. Kiangazi hukoleza zote mbili, hivyo uwiano haubadiliki sana. Salfeti ikipanda peke yake vipimo viwili mfululizo, rudia sampuli ndani ya wiki mbili na upime metali zote. Maji ya ndani kabisa ya tabaka la makaa mara nyingi huwa na salfeti kidogo sana na sodiamu na bikaboneti nyingi. Salfeti ikianza kuonekana humo, hewa imeingia.

Kwa maji ya kunywa, miongozo ya Shirika la Afya Duniani ni aseniki miligramu 0.01 kwa lita, risasi 0.01, nikeli 0.07, floraidi 1.5, naitreti 50. Chuma kikizidi 0.3 nguo zinaanza kuchukua madoa, na salfeti ikizidi takriban 250 ladha inabadilika. Kwa maamuzi ya kisheria tumia kiwango cha Tanzania, TZS 789.

Mgodi ukifungwa usikunje vifaa. Pampu zikizimwa maji hupanda ndani ya mahandaki na kuosha chumvi zote zilizojikusanya, na maji ya kwanza kutoka huwa ndiyo mabaya kuliko yote.

Mambo yakienda mrama

Kipima kina kinalia mapema. Kuta za bomba zina umande. Punguza usikivu, futa kichwa, shusha katikati ya bomba.

Kina kimetofautiana na mwezi uliopita kwa mita 1 kamili au 10 kamili. Mtu amesoma utepe vibaya. Rudia kabla ya kumpigia mtu simu.

Sampuli ilikuwa nyeupe shambani, imefika maabara ina mashapo ya rangi ya chungwa. Chuma kimekutana na hewa na kuganda. Hukutia asidi, au ulitia kidogo. Ndiyo ile "chuma kidogo" yenye ndoo za kutu. Tupa, chukua nyingine.

pH haitulii. Kichwa cha mita kimekauka au ni kizee. Kiloweke kwenye kimiminika chake usiku kucha, rekebisha upya. Kikigoma kusoma 7 na 4 sawasawa, nunua kipya.

Upitishaji umeme unaruka siku mbili baada ya mvua kubwa, kisha unarudi. Maji ya juu yanapenya kando ya bomba. Kagua ufa kwenye zege. Muhuri wa bentonaiti huenda umeshindwa.

Naitreti, kloraidi na bakteria juu, salfeti imetulia. Hapo tafuta choo au zizi kabla ya kuushitaki mgodi.

Zinki nyingi kwenye kisima cha pampu ya mkono. Angalia bomba za kupandishia; zikiwa za mabati zilizochakaa, jibu ni hilo.

Harufu ya yai bovu. Ni salfaidi ya haidrojeni, kawaida kwenye maji yasiyo na hewa. Kaa mbali na mdomo wa kisima, mwaga maji ya kutosha. Harufu ikibaki, iandike kwenye rejista na usipime oksijeni kwa kichoteo.

Kisima kimekauka kabisa. Pima kina cha chini ya kisima pia. Kikiwa kimepungua, ni tope limejaa, kisafishe. Kikiwa kile kile, andika "kavu" pamoja na kina cha chini, usiache nafasi tupu. Kisha peleka nakala kwa bodi ya bonde na NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, wiki hiyo hiyo, pamoja na kina cha visima vingine vyote vya siku ile.